Je, Wajua? Baiskeli, Kokoto na Vipito vya Milima

Je, wajua kwamba Tour de France ya mwaka 1910 ilikuwa mbio za changarawe? Hakuna aliyeziita hivyo wakati huo. Barabara za milima ya Pirenei zilikuwa udongo na mawe, na huko juu kabisa nyingine zilikuwa njia za mifugo tu. Tarehe 21 Julai washindani waliondoka Luchon kwenda Bayonne, kilomita 326, na katika siku hiyo moja wakavuka vipito vya Peyresourde, Aspin, Tourmalet na Aubisque. Octave Lapize alishinda baada ya zaidi ya saa 14 barabarani. Akiwa Aubisque aliwafokea waandaaji kwamba wao ni wauaji.

Na pengine hakukosea sana. Inasimuliwa kwamba Alphonse Steinès, aliyetumwa kuikagua njia kabla ya mbio, gari lake lilikwama kwenye theluji ya Tourmalet, akaendelea kwa miguu gizani, nusura afe kwa baridi. Alipookolewa akapeleka telegramu Paris: barabara ni nzuri, inapitika bila shida.

Siku ya mbio, Gustave Garrigou alilipwa faranga 100 kwa kuipanda Tourmalet bila kushuka kwenye baiskeli. Lapize alishuka, akasukuma, akapanda tena, akashuka tena. Bado alifika kileleni kabla yake.

Mwaka 1913, kwenye mteremko wa Tourmalet hiyohiyo, foku ya mbele ya Eugène Christophe ilivunjika. Kanuni zilimtaka mshindani ajitengenezee mwenyewe. Akaibeba baiskeli begani zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi na kuifua foku kwa mikono yake, waamuzi wakimtazama. Walimwadhibu hata hivyo: kuna mtoto alimsaidia kuvuta mvukuto.

Gia za kuhamisha mnyororo hazikuruhusiwa katika Tour hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo, ukifika chini ya mlima ulishuka, ukalifungua gurudumu la nyuma, ukaligeuza ili meno makubwa yashike mnyororo, ukalifunga, ukaanza kupanda. Ukifika kileleni, ulirudia kazi hiyohiyo, vidole vimeganda.

Sasa tuhamie Italia, maana huko kuna mlima unaostahili safu nzima peke yake. Colle delle Finestre, katika jimbo la Piemonte, una kimo cha takriban mita 2,178. Ukitokea Susa unapanda karibu kilomita 18 na nusu kwa mwinuko wa wastani wa zaidi ya asilimia 9, yaani kila mita 100 za barabara zinakunyanyua mita 9. Zaidi ya nusu ya mwanzo ina lami. Kilomita 8 hivi za mwisho ni vumbi na kokoto, kona juu ya kona. Njia hii ilikuwa ya kijeshi. Ng'ambo ya mlima ipo ngome ya Fenestrelle, yenye ngazi ya ndani ya takriban vidato 4,000. Waliojenga ngome ya namna hiyo hawakuwa watu wa kuogopa miinuko.

Mbio za Giro d'Italia zilipita hapo kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Lakini siku inayotajwa zaidi ni ya Mei 2018. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa nyuma ya kiongozi wa mbio, Simon Yates, kwa zaidi ya dakika 3. Kwenye vumbi la Finestre, zikiwa zimebaki kilomita 80 hivi, akachomoka peke yake. Wajuzi walidhani ameharibikiwa na hesabu. Jioni, kule Bardonecchia, alikuwa ameshinda kwa dakika 3 na kuvaa fulana ya waridi ya kiongozi, akaifikisha hadi Roma. Yates, aliyeianza siku akiwa nayo mwilini, alipoteza zaidi ya dakika 38.

Wengi walishangaa kwamba mtu mrefu mwembamba aliyezoea lami ya Ufaransa angetulia hivyo kwenye kokoto. Wasomaji wa Kenya hawakuwa na sababu ya kushangaa. Alipokuwa kijana Froome alifanya mazoezi na kocha David Kinjah na vijana wake kwenye vilima vya Kikuyu, ambako vumbi na mashimo si mchezo maalumu wenye jina. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne.

Na Yates? Mei 2025 Giro ilirudi Finestre, siku moja kabla ya kumalizika. Yates alikuwa wa tatu, dakika 1 na sekunde 21 nyuma ya kijana wa Meksiko, Isaac del Toro. Del Toro na Richard Carapaz, aliyekuwa wa pili, wakabaki wakiviziana, kila mmoja akisubiri mwenzake afanye kazi. Yates akaondoka zake. Kesho yake alitawazwa bingwa, na aliyemfuata alikuwa karibu dakika 4 nyuma. Katika michezo yote sijui kisasi kilicholipwa kwa adabu kuliko hiki: hakumlipiza mtu, alikilipiza kilima.

Hesabu kidogo. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 80, wakipanda mwinuko wa Finestre kwa kilomita 10 kwa saa, wanahitaji takriban wati 200 kwa ajili ya kushindana na mvutano wa dunia tu. Kokoto zinazoteleza na hewa ya mbele zinadai za kwao juu ya hizo.

Hewa ya mlimani ina asilimia 21 ya oksijeni, sawasawa na ya Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo. Kileleni Finestre umebaki takriban asilimia 77 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu.

Yale matuta madogo yaliyojipanga barabarani kama bati la migongo, yanayotikisa mpaka meno, hayaletwi na spring za magari kama wengi wanavyodhani. Wanafizikia waliozungusha gurudumu juu ya sahani kubwa ya mchanga na kutoa matokeo yao mwaka 2009 walikuta kwamba hata gurudumu lisilo na spring linayatengeneza, na hayatokei mwendo ukiwa mdogo vya kutosha. Kwa magari, mwendo huo ni kama kilomita 8 kwa saa. Kwa maneno mengine, mwendesha baiskeli anayepanda mlima ni mtu asiye na hatia kabisa, isipokuwa anaumia kwa makosa ya wengine.

Tairi la baiskeli ya changarawe huwa na upana wa milimita 40 hivi na hujazwa upepo wa PSI 30 hadi 40, karibu sawa na tairi la gari dogo. Wengi hawaweki tyubu. Humimina ndani maji mazito yanayoziba tundu lenyewe linapotoboka.

Kwetu Afrika, kipito kinachoheshimiwa ni Sani, kati ya KwaZulu-Natal na Lesotho, mita 2,876. Kilikuwa njia ya nyumbu wa mizigo. Gari la kwanza lilipandishwa mwaka 1948 na Godfrey Edmonds, aliyewahi kuwa rubani wa vita. Hadi leo upande wa Afrika Kusini unadai gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Ukifika juu umeingia nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000.

Tour Divide, mbio za baiskeli kutoka Banff nchini Kanada hadi mpaka wa Meksiko, ni takriban kilomita 4,400, nyingi zikiwa za vumbi. Haina kiingilio wala zawadi ya fedha, na hairuhusiwi kuwa na gari la msaada. Kipito chake cha juu kabisa, Indiana Pass huko Colorado, kina mita 3,630. Mwaka 2016 Mike Hall aliimaliza kwa siku 13, saa 22 na dakika 51.

Njia hiyo inafuata mgongo wa bara, unaogawa maji ya Atlantiki na ya Pasifiki. Rwanda nayo ina mgongo wake: maji ya upande mmoja huenda Mto Kongo, ya upande wa pili huenda Nile. Ndio ulioipa jina Congo Nile Trail, kilomita 227 za kupanda na kushuka kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi.

Ukishuka mita 1,700 kutoka Finestre ukiwa na zile kilo 80, na breki zikabeba mzigo wote, joto linalozaliwa lingetosha kuchemsha lita 4 za maji. Vidole viwili kwenye kila breki, tafadhali.

Na usipotaka kushuka hadi bondeni, karibu na Finestre kuna barabara nyingine ya zamani ya kijeshi inayofuata ukingo wa milima kuelekea Sestriere: Strada dell'Assietta, sehemu kubwa yake juu ya mita 2,000. Hapo ndipo Wapiemonte walipowarudisha nyuma Wafaransa mwaka 1747. Nenda Julai au Agosti, siku ya Jumatano au Jumamosi; magari na pikipiki hufungiwa njia siku hizo.