Mchezo ni bure, lakini dawa ya twiga inauzwa

Shule zimefungwa na simu yako iko kwa mtoto. Anacheza daktari wa wanyama: twiga ana vidonda, kifaru hali, kila mgonjwa ni fumbo. Kule Mbuga ya Taifa ya Meru, madaktari wa KWS hutibu wanyama kama hao kweli kweli. Kwenye simu, dawa hulipiwa.

Michezo mingi hivi hupakuliwa bure. Fumbo likimshinda mtoto, anauziwa kidokezo. Bei huandikwa kwa sarafu au almasi za mchezo, kwa hivyo haoni kama ni pesa ya karo.

Uwe Maua au Runyenjes, kabla hujampa simu:

- Fungua Play Store, gusa picha yako, ingia kwenye mipangilio, uweke uthibitisho kwa kila ununuzi.
- Usimpe PIN, hata "mara moja tu".
- Ukiombwa PIN na hujanunua kitu, ghairi.
- Angalia pia airtime. Malipo yakikatwa huko, huenda usiombwe PIN.

Ukiona makato usiyoyaelewa, soma SMS zako na utupigie siku hiyo hiyo. Na ukitaka kumnunulia kidokezo, lipa mwenyewe ukijua ni shilingi ngapi.