Kasongo Isihamie Uele

Mji wa Kasongo, katika mkoa wa Maniema nchini Kongo, uko kwenye latitudo ya takriban -4.45 na longitudo 26.67. Karani akisahau alama ya kutoa anapojaza rekodi ya ramani, Kasongo inaruka ikweta na kutua maeneo ya Uele, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ukaguzi wa kawaida wa faili ya XML inayobeba rekodi hiyo hausemi kitu: namba ni namba halali, na mahali penyewe bado ni Kongo.

Rekodi hiyo ni metadata, yaani maelezo kuhusu ramani: inaitwaje, kaitengeneza nani, lini, inahusu wapi. Kiwango cha ISO 19115 kimeweka vipengele vyake kwa dunia nzima, hivyo hakiwezi kuijua Maniema. Anayeijua ni profaili, jedwali ambalo wenye kazi huandika wanachokidai: kipengele gani ni cha lazima, kijazwe mara ngapi, thamani zipi zikubaliwe.

Tuchukue mstari mmoja wa jedwali la teritwari za Kasongo na Kabambare: latitudo, lazima, kati ya -6 na -3. Programu huusoma na kuzalisha kanuni ya Schematron, lugha ya ukaguzi aliyoibuni Rick Jelliffe mwaka 1999. Kanuni huwa na sharti la kupimwa na mashine, pamoja na ujumbe wa kusomwa na mtu. Ujumbe huo napenda uwe Kiswahili: “Latitudo hii iko nje ya Maniema ya kusini. Je, umeweka alama ya kutoa?” Aliyekosea anajua papo hapo pa kurekebisha.

Majina yana ugumu zaidi. Maniema ina teritwari 7, na kila moja ina zoni ya afya yenye jina lilelile. Teritwari ya Kabambare ina zoni za Kabambare, Lusangi na Saramabila. Basi rekodi iliyoandikwa “Kabambare” tu yaweza kumaanisha eneo zima au sehemu yake, na mpangaji wa chanjo akapotoshwa. Kwa hiyo profaili idai kwanza aina ya eneo, kisha jina litoke kwenye orodha ya aina hiyo. Orodha itaamua pia kati ya Saramabila na Salamabila, maana nyaraka huandika yote mawili.

Kanuni hizi zisiandikwe kwa mkono. Orodha ikibadilika, mtu hurekebisha jedwali na kusahau kanuni, na rekodi sahihi huanza kukataliwa. Zikizalishwa upya kutoka jedwali lenyewe, muuguzi au mpima ardhi asiyejua XML anaweza kusimamia ukaguzi wote.

Nadai jambo moja zaidi: kila mstari uzalishe pia rekodi mbili za majaribio, moja safi na moja yenye kosa la makusudi. Ile ya latitudo ibebe 4.45 bila alama ya kutoa. Kanuni ikiipitisha, jedwali lirudi mezani kabla karani yeyote hajapewa.