Popo wa Lavi Wako Fiti, wa Majuu Wanamalizwa na Ukungu wa Pua

Msee wa Lavington, yule popo hukatiza juu ya geti yako saa moja jioni ana bahati. Wenzake wa Marekani wanaona noma tangu 2006, ukungu mweupe ulipoonekana kwenye pua za popo pangoni huko New York.

Iko hivi: theluji ikianguka wadudu hupotea, so popo hulala miezi kadhaa wakitumia mafuta ya mwilini pole pole. Mwili ukipoa, kinga nayo inazima. Ukungu unakula ngozi ya mabawa, popo anashtuka usingizini mara nyingi kuliko kawaida, mafuta yanaisha kabla wadudu warudi. Njaa inammaliza. Mamilioni wameenda hivyo.

Nairobi je? Hata ile baridi ya Julai haijafika hapo. Wadudu wako mwaka mzima, na ukungu huo haumei joto likipita digrii 20 hivi.

Hapa mtaani noma ni sisi na mafagio. Popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa hivyo wakiuliwa hawarudi haraka. Akiingia kwa keja, zima taa, fungua dirisha, usimshike na mkono. Atatoka, akakulie mbu.