Rahisi ghali: gari la pili la spoti

Hapa Sydney gari letu la kwanza hupeleka watoto shule. La pili, Mazda MX-5 ya 1990, ni la kutengeneza taratibu wikendi. Kabla ya kulipa, niliingiza namba ya chasisi kwenye rejista ya serikali, PPSR, kwa dola 2. Huonyesha kama gari lina mkopo. Mkopeshaji anaweza kulichukua hata kama umeshalinunua. Kisha nilikagua kutu chini ya milango.

New South Wales, gari lililozidi miaka 5 hukaguliwa kila mwaka ili usajili uendelee. Lisilosajiliwa haliegeshwi barabarani, hivyo uwe na nafasi nyumbani.

Fedha za matengenezo nimezitenga na kodi ya nyumba na za kuwatumia wazazi. Zikiisha, gari linasubiri.