Je, Wajua? Mkufu wa Kuazima, Pauni Tatu na Chumba cha Hoteli

Safari hii tunazungumzia hadithi fupi za wanawake wenye nyumba nzuri, watumishi na waume wa kazi za heshima, ambao bado hawana raha, pamoja na wale wanaotamani sana kuwa kama wao. Wapo wanaozipuuza wakisema ni malalamiko ya watu walioshiba. Mimi nazipenda, na namwomba msomaji afuate jambo moja tu: bei. Kila mwandishi anapotaja bei ya kitu, uliza pesa ni za nani.

Je, wajua kwamba hadithi maarufu kuliko zote za aina hii ilitoka kwanza gazetini? Guy de Maupassant aliichapisha La Parure, hadithi ya mkufu, katika gazeti la Le Gaulois la Paris tarehe 17 Februari 1884. Mathilde Loisel, mke wa karani wa Wizara ya Elimu, ni mzuri wa sura na anaamini alizaliwa kwa ajili ya maisha ya kifahari. Wanaalikwa dansi wizarani. Mumewe anampa faranga 400 za gauni, pesa alizokuwa ameweka anunue bunduki ya kwenda kuwinda ndege na rafiki zake. Mkufu wa almasi anauazima kwa rafiki yake wa shule, Madame Forestier, na usiku wa dansi unapotea. Mkufu wa kufidia unawagharimu faranga 36,000.

Je, wajua deni hilo lilikuwa na uzito gani? Bwana Loisel alikuwa na faranga 18,000 za urithi wa babake. Nusu iliyobaki aliikopa huku na kule, elfu kwa huyu, mia tano kwa yule, hadi kwa wala riba. Usiku alikuwa akinakili nyaraka za watu kwa sou 5 ukurasa, yaani robo ya faranga. Piga hesabu: faranga 18,000 ni kurasa 72,000, kabla hujagusa riba. Mathilde naye alimwachisha kazi mtumishi, wakahamia chumba cha darini, akawa anateka maji chini na kuyapandisha mwenyewe, akisimama kila ghorofa avute pumzi. Kucha zake za waridi ziliishia kwenye masufuria yenye mafuta. Sokoni alibishania kila senti, akitukanwa. Miaka kumi. Ndipo anapokutana na Madame Forestier na kuambiwa kwamba mkufu ule ulikuwa bandia, wa faranga 500 ukizidi sana.

Maupassant hasemi mkufu ulidondokea wapi. Lakini anatuonyesha Mathilde akishuka ngazi mbio alfajiri ile, kwa sababu mabibi waliokuwa wakijifunika makoti ya manyoya wangeliona vazi lake la kila siku. Mimi huusoma mkasa wote kwenye ngazi zile. Kiswahili kina msemo wa kufa na tai shingoni, na mwanamke huyu alikufa nayo kabisa.

Je, wajua kwamba Maupassant mwenyewe aliwahi kuwa karani? Alifanya kazi Wizara ya Wanamaji, kisha Wizara ya Elimu, ileile iliyomwajiri Bwana Loisel. Mshahara wa karani aliujua hadi senti ya mwisho.

Je, wajua kwamba mwaka mmoja kabla ya mkufu bandia alikuwa ameshaandika hadithi iliyo kinyume chake? Katika Les Bijoux ya 1883, karani Lantin anafiwa na mke mwema aliyependa vito vya bei rahisi. Njaa inapomsukuma akauze vito hivyo, sonara anamwambia ni halisi. Mkufu mmoja tu faranga 18,000, na vyote kwa jumla faranga 196,000. Ni nani aliyekuwa akimnunulia mke wa karani vitu kama hivyo? Lantin anaelewa, anazimia barabarani, halafu anazichukua pesa. Mwandishi Mmarekani Henry James naye aliigeuza La Parure katika Paste, ya 1899, ambapo lulu zinazodhaniwa bandia zinakuwa za kweli.

Na sheria je? Je, wajua kwamba Mathilde alipokuwa akimlilia mumewe gauni, mwanamke wa Ufaransa aliyeolewa hakuwa na haki ya kutumia hata mshahara wake mwenyewe bila mume? Haki hiyo ilikuja 1907. Kufungua akaunti ya benki na kufanya kazi bila idhini ya mume kulisubiri sheria ya Julai 1965. Uingereza iliwapa wake haki ya kumiliki mali yao mwaka 1882. Anayemwita Mathilde mwenye tamaa aikumbuke miaka hiyo. Tamaa anayo, sikatai. Lakini sura nzuri na mume ndiyo mtaji pekee ambao nchi yake ilikuwa imemwachia.

Je, wajua kwamba jarida la Vogue, lililoanzishwa New York mwaka 1892 kwa ajili ya watu wa tabaka la juu, lilichapisha hadithi za mwanamke aliyefichua huzuni za tabaka hilohilo? Ni Kate Chopin. Tarehe 6 Desemba 1894 lilitoa hadithi yake ya saa moja ya maisha ya Louise Mallard, inayojulikana leo kama The Story of an Hour. Louise anaambiwa mumewe amekufa kwenye ajali ya treni. Analia, anajifungia chumbani, na mbele ya dirisha lililo wazi anagundua kwamba kuanzia sasa maisha ni yake. Kisha mlango wa mbele unafunguliwa na mume anaingia mzima, na Louise ndiye anayeanguka na kufa. Hadithi yote ni ya maneno yapatayo 1,000. Baba yake Chopin alifariki kwenye ajali ya treni mwaka 1855, daraja la mto Gasconade lilipovunjika, binti akiwa na miaka 5. Chopin mwenyewe alifiwa na mume akiwa na miaka 32 na watoto sita.

Chopin huyohuyo, katika hadithi nyingine ya Septemba 1897, alimpa mhusika wake Bibi Sommers dola 15. Mama huyu aliwahi kuona siku nzuri kabla ya kuolewa. Sasa usiku anapanga: viatu vya mtoto huyu, kitambaa cha shati la yule, kofia. Dukani mkono wake unagusa soksi za hariri zilizopunguzwa kutoka dola 2.50 hadi 1.98. Anazivaa palepale. Baada ya soksi ni viatu, baada ya viatu ni glovu, majarida mawili ya bei, chakula cha mchana chenye chaza na glasi ya mvinyo, kisha mchezo wa jukwaani. Jioni yuko kwenye tramu akitamani isisimame popote. Mwandishi hamkaripii hata mara moja, na hiyo ndiyo heshima kubwa ya hadithi hii.

Je, wajua kwamba kuna daktari aliyetibu huzuni ya wanawake wa aina hii kwa kuwakataza kuandika? Dakt. Silas Weir Mitchell wa Philadelphia alimlaza Charlotte Perkins Gilman mwaka 1887, akamrudisha nyumbani na agizo asiguse kalamu tena maishani. Gilman alikaribia kurukwa na akili. Jibu lake ni The Yellow Wallpaper, iliyochapishwa Januari 1892, kuhusu mke wa daktari anayefungiwa chumba cha juu hadi anaanza kuona mwanamke nyuma ya karatasi ya ukutani. Mhariri mmoja aliikataa kwa sababu ilimhuzunisha. Gilman alimpelekea daktari nakala.

Je, wajua kwamba Anton Chekhov aligombana na rafiki yake mkubwa kwa ajili ya hadithi moja? Mchoraji Isaac Levitan alijiona mwenyewe, na mwanamke aliyekuwa naye, ndani ya Poprygunya ya 1892, na kwa takriban miaka mitatu hawakusemezana. Olga Ivanovna wa hadithi hiyo huwinda watu mashuhuri na kuijaza nyumba wasanii, na mumewe, Daktari Dymov, huwakaribisha mezani. Tazama jinsi Chekhov anavyofanya kazi. Dymov anafika nyumba ya mapumziko shambani, amechoka, ana njaa, amebeba jibini, samaki na mayai ya samaki ya bei kubwa, akitarajia kula na mkewe. Olga anamgeuza hapohapo arudi mjini kumletea gauni la waridi. Vyakula vile vinaliwa na wageni. Baadaye Dymov anaambukizwa dondakoo alipokuwa akimtibu mtoto, na ni wakati anakata roho ndipo mkewe anapotambua kwamba mtu mkubwa aliyemtafuta kila mahali alikuwa akiishi naye.

Je, wajua noti mbili zinaweza kubeba hadithi nzima? Katherine Mansfield aliandika A Cup of Tea mwezi Januari 1922. Rosemary Fell anaonyeshwa kijikasha cha nakshi katika duka la vitu vya kale, Curzon Street, London. Bei ni gini 28. Gini moja ilikuwa pauni 1 na shilingi 1, kwa hiyo ni pauni 29 na shilingi 8. Anamwambia muuzaji amwekee. Nje mvua inanyesha, na msichana mwenye njaa anamwomba pesa ya kikombe cha chai. Rosemary anamchukua hadi nyumbani, anamkalisha karibu na moto, anamlisha, huku akifurahia jinsi atakavyowasimulia marafiki. Mume anaingia. Anasema msichana huyu ni mzuri ajabu. Rosemary anakwenda chumba cha kuandikia, anatoa noti tano za pauni, anarudisha mbili, anashika tatu. Nusu saa baadaye mgeni ameshaondoka, na Rosemary amevaa lulu zake, anaomba anunuliwe kile kijikasha. Halafu anamwuliza mumewe kama yeye naye ni mzuri. Ni tajiri, lakini ili apate chochote anachotaka lazima kwanza apendwe.

Mwaka huohuo ilitoka The Garden Party, ambamo familia ya Sheridan inaandaa tafrija bustanini, sandwichi za aina 15, na bendi. Jirani maskini, mwendesha mkokoteni, anakufa asubuhi hiyo na kuacha mke na watoto watano. Laura, binti wa nyumba, anataka sherehe isitishwe. Mama anamvalisha kofia nzuri, na Laura anajiona kwenye kioo. Sherehe inaendelea. Msomaji anayejua kwamba kwetu jirani akifiwa hata redio hupunguzwa sauti ataumia zaidi anapoona mabaki ya keki na sandwichi yakitiwa kwenye kikapu na kupelekwa msibani. Mansfield, binti wa mkuu wa benki wa New Zealand, alizijua nyumba hizo kwa ndani. Kifua kikuu kilimwua Januari 1923 akiwa na miaka 34.

Je, wajua gharama ya ndoto? Katika The Standard of Living ya Dorothy Parker, ya 1941, makarani wawili wa New York hucheza mchezo wa kuwazia wamerithi dola milioni moja. Wanaingia duka la Fifth Avenue kuulizia mkufu wa lulu, wanaambiwa dola 250,000. Anayelipwa zaidi kati yao hupata dola 18.50 kwa wiki, kwa hiyo angehitaji karibu miaka 260 ya mshahara mzima. Wanatoka wamenywea, kisha wanaanza upya: safari hii urithi ni milioni kumi. Parker alipofariki mwaka 1967 aliacha mali yake kwa Martin Luther King.

Je, wajua kwamba Clarice Lispector wa Brazil alikuwa mke wa mwanadiplomasia mwenye kuhama nchi kwa nchi, akamwacha mume mwaka 1959, na mwaka uliofuata akatoa Laços de Família? Humo, Ana, mama wa nyumba aliyetulia, anamwona kipofu akitafuna chingamu kituoni. Tramu aliyopanda inashtuka, mayai yaliyo mfukoni yanapasuka, na utulivu wake wote unapasuka nayo.

Doris Lessing, aliyekulia Rhodesia ya Kusini na kushinda Tuzo ya Nobel mwaka 2007, alikwenda mbali zaidi katika To Room Nineteen ya 1963. Susan Rawlings ana mume, watoto wanne na nyumba kubwa Richmond. Anachotaka ni chumba kimoja cha hoteli duni karibu na Paddington, akae peke yake bila kufanya chochote, na pesa za chumba inabidi amwombe mume. Mume anapoanza kumpeleleza, Susan anadanganya kwamba ana mpenzi, kwa kuwa hilo mume ataweza kulielewa. Hadithi inaishia kwenye kifo, na wala si kifo cha ajali.

Wanafunzi wa sekondari Kenya waliosoma Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine wanamjua wa kwao: Penina wa Mapenzi ya Kifaurongo, iliyoandikwa na Kenna Wasike. Binti wa matajiri, anampenda Dennis wa ukoo maskini wakiwa chuoni, na kazi inapokosekana anamfukuza. Tunahitaji hadithi nyingi zaidi za hao Penina wakiwa na miaka 45, katika majumba ya Runda na Masaki, zikiandikwa na wanaoyajua.

Na je, wajua kwamba Edith Wharton, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer ya riwaya, mwaka 1921, alikuwa na miaka 72 alipochapisha Roman Fever? Wajane wawili wa Kimarekani wamekaa barazani Roma, mmoja akifuma, wakizungumzia mabinti zao na usiku wa zamani kwenye Koloseo, enzi ambazo hewa ya usiku ya mji huo iliogopwa kwa malaria. Italia ilitangazwa kuwa huru na malaria mwaka 1970 tu. Mwanamke mmoja anaamini miaka yote amemshinda mwenzake kwa hadhi na kwa mume. Jibu analopewa liko katika sentensi ya mwisho. Itafute uisome mwenyewe, na usikubali mtu akusimulie.