KUSAFISHA, KUCHUJA NA KUNASA: ISTILAHI ZA UHANDISI WA MAZINGIRA

Mwanafunzi wa uhandisi wa mazingira katika taasisi zetu za juu, kama Chuo Kikuu Ardhi au Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, hufundishwa kwa Kiingereza. Kazi yenyewe, hata hivyo, huja kuifanya kwa Kiswahili, mbele ya kamati ya maji ya kijiji. Hapo ndipo istilahi legevu huleta madhara, nasi tumechagua kulitazama jambo hili kwa mfano wa maji ya Karatu na Ngorongoro.

Nchi hiyo imeumbwa na volkano. Msitu ulioko juu ya kreta ya Ngorongoro (wapo wanaopendelea kasoko, wala hatugombani nao) hudaka ukungu na mvua, na maji hayo hutokeza chini, upande wa Karatu, katika chemchemi na visima. Eneo la namna hiyo wataalamu wa maji huliita dakio. Neno hili tunalipongeza, kwani limetokana na kitenzi anachokifahamu kila mtoto achezaye mpira.

Ugumu umo katika kitenzi kusafisha. Maji yapitayo katika miamba ya volkano huweza kuyeyusha floridi, na sehemu kadhaa za mikoa ya kaskazini zina maji yenye floridi kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi ikizidi hutia meno madoa ya kahawia. Ikizidi mno kwa miaka mingi huharibu mifupa. Nayo haionekani kwa macho. Tumezoea kutamka “maji safi na salama” kana kwamba maneno hayo ni pacha wasioachana, kumbe hapa maji meupe yanayometameta huenda yasiwe salama hata kidogo.

Mwananchi akiambiwa ayasafishe, atayachemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi hubaki yote. Na kwa kuwa sehemu ya maji imekwenda na mvuke, kila lita iliyosalia huwa na floridi zaidi kuliko awali. Kwa hiyo mfasiri asitosheke na kusafisha mahali ambapo matini asilia yanataja kutuamisha, kuchuja, kuua vijidudu au kuondoa floridi.

Hata kuchuja kuna mipaka yake. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeendeleza matumizi ya mkaa wa mifupa. Mkaa huo hauzuii floridi kama kitambaa kizuiavyo takataka, wala hauifyonzi ndani kama sifongo ifyonzavyo maji. Huishika juu ya nyuso za chembe zake. Twapendekeza kitenzi kunasa, na chombo kiitwe kinasa floridi, kwa mfano wa kinasa sauti tuliokwisha kuuzoea.

Tofauti hii si ya kupendezesha kamusi. Chujio likijaa, maji hupungua kasi, na mwenye nyumba hutambua. Mkaa uliokwisha kushiba floridi hupitisha maji vilevile kama siku ya kwanza. Anayedhani ana chujio atangoja lizibe, nalo halitaziba, huku watoto wakiendelea kunywa. Maelekezo ya chombo hicho, basi, yaandikwe hivi: “Mkaa huu hunasa floridi. Ukishashiba hauonyeshi dalili. Maji yapimwe kila baada ya muda uliowekwa, na mkaa ubadilishwe.”