Rangi ya gari ikivimba, usikimbilie filla

Wewe uliyeachiwa Probox ya mzee, au mliochanga na beshte wako mkanunua ya mkono wa pili ili ikimbie kati ya Itumbe na Kisii mjini, hebu fanya hivi kesho asubuhi kabla dere hajalichukua gari. Lizunguke polepole. Inama kabisa. Angalia ukingo wa chini wa milango, upinde ulio juu ya tairi za nyuma, na mlango wa buti pale karibu na namba. Ukiona rangi imevimba kama kipele, hata kiwe kidogo kama punje ya wimbi, hiyo ni kutu. Tena ilianza kitambo, ni vile tu leo ndio imejitokeza.

Rangi huvimba kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula, kwa hivyo inaisukuma rangi kutoka ndani. Bati la bodi nalo lina unene wa milimita 0.7 au 0.8 hivi. Hakuna nyama nyingi pale.

Na Itumbe si mahali pa kulea kipele. Huku kwenye milima ya majani chai, mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na kuna miezi gari halikauki kabisa. Lami ikiisha, mawe ya murram yanaanza kuruka kutoka kwa tairi na kudonoa rangi. Matope yanajaa ndani ya mudigadi, yanakauka juu lakini ndani yamebaki na unyevu wiki nzima. Chini ya kila mlango kuna vitundu vidogo vya kutoa maji yanayopenya kwenye raba ya kioo. Vikizibwa na matope, mlango unageuka debe. Fungua na ufunge mlango baada ya mvua. Ukisikia maji yakichezacheza ndani, chukua kijiti sasa hivi uzibue.

Halafu kuna jambo ambalo madereva wengi hawalifikirii: mbolea. Ile NPK ambayo wakulima wa chai hupata kupitia KTDA ni chumvi, na Probox za huku hubeba magunia yake kama kawaida. Punje chache zikimwagika chini ya zulia la buti, zinavuta unyevu hewani, zinayeyuka, na maji yale yanaanza kula sakafu kimyakimya. Huoni kitu mpaka siku unapotoa zulia na kukuta unaiona barabara. Ukibeba mbolea, tandika turubai kwanza, kisha fagia buti siku hiyo hiyo.

Kusema kweli, pengine gari lako lilikuja na kutu yake kutoka ng'ambo. Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 2002, na kule kaskazini, Hokkaido kwa mfano, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini miaka 7 ya maji ya chumvi inatosha kuharibu upande wa chini. Kama unaagiza, omba karatasi ya mnada na uisome mchoro wake. Herufi S ni kutu, kutoka neno la Kijapani sabi. C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Namba ikipanda, hali ni mbaya zaidi.

Sasa turudi kwenye kipele chako. Ukimpelekea fundi wa bodi, kuna jibu utakalolisikia sana: "Hiyo ni kitu kidogo boss, tunapiga filla, jioni unachukua gari." Na kweli jioni litang'aa. Lakini filla hunyonya unyevu, na ikipakwa juu ya kutu inakuwa kama blanketi lenye maji. Mvua zikipita, kipande kizima kinabanduka, na kilichokuwa punje ya wimbi sasa kinapitisha kidole. Siwalaumu mafundi wa jua kali peke yao. Wateja tunataka bei ya chini na gari siku hiyo hiyo, na hiyo ndiyo kazi ya bei hiyo.

Kipele kikiwa bado kidogo, unaweza kukishughulikia mwenyewe. Chagua siku kavu, Januari au Februari ikiwezekana, na uanze asubuhi kwa sababu Kisii mvua hupenda kuja alasiri. Osha mahali pale na ukaushe vizuri. Kwangua rangi kwa msasa mkali, namba 80 hivi, mpaka uone chuma cheupe pande zote, kupita hata pale kutu inapoonekana kuisha, maana hutambaa chini ya rangi nzima. Grainda iache. Bati ni jembamba na utalitoboa. Vile vidoti vyeusi vinavyokataa kutoka, paka dawa ya kugeuza kutu, inapatikana kwenye maduka ya rangi za magari. Nyingine zina asidi ya fosforasi, nyingine tanini, jamaa ya ile iliyo kwenye majani chai, nazo hugeuza kutu kuwa tabaka gumu jeusi. (Usije ukamwagia gari chai ya rangi.) Ngoja ikauke kama kopo linavyosema, pitisha msasa laini, namba 240 au 400, paka praima, kisha rangi, kisha vanishi. Kama kuna bonde dogo, filla ipakwe baada ya chuma kuwa safi, nyembamba, milimita 2 au 3 tu.

Watu wengine hunyunyizia oili chafu chini ya gari. Inazuia maji kwa muda, ndiyo, lakini inaharibu raba za bushi, na mvua ikija inaishia kwenye mto ambao mnachota maji. Grisi au nta ni afadhali. Na usipake lami nyeusi ya chini ya gari juu ya kutu. Unaifungia ndani na maji yake.

Kuna mahali ambapo hufai kujaribu mwenyewe kabisa: ile boriti ya chini ya milango unayoivuka ukiingia, mahali pa kuwekea jeki, na pale mikanda ya usalama inapofungwa. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia, lililooza hutoa sauti ya kadibodi. Bisibisi ikipenya, hapo panahitaji welda akate kilichooza na achomelee chuma kipya. Boriti ile ndiyo inayowakinga abiria gari likigongwa ubavuni, na sote tunajua Probox ya Kisii haibebi watu watano.

Ukienda kununua la mtu, beba sumaku, hata ya spika ya redio iliyokufa. Ifunge kitambaa chembamba isikwaruze rangi, kisha iweke juu ya tairi za nyuma na kwenye boriti zile. Kwenye chuma itashika. Kwenye filla nene itaanguka. Ikianguka, anza kushusha bei hapo hapo. Na muuzaji akikataa uinue zulia la buti, panda boda urudi nyumbani na chapaa zako.